Mackinnon: Jina Tunalolipita Kila Tukienda Bara



Majuzi nilisafiri kwenda Kericho kumtazama dada yangu, ambaye ameolewa huko na ana kiduka cha vitambaa karibu na stendi. Sisi watu wa Pwani tukipanda bara kwa barabara tuna desturi yetu. Tukifika Mackinnon Road, mwenye udhu na asiye na udhu hushuka, akaenda kwenye ule msikiti ulio kando ya reli, alipozikwa Sayyid Baghali. Habari zake tumelelewa nazo: mfanyakazi wa reli aliyetoka Bara Hindi, mcha Mungu, ambaye husimuliwa kwamba karai alilobebeshwa lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Nilishuka, nikaswali, nikamsomea Fatiha, nikarudi garini.

Nimepita hapo zaidi ya miaka ishirini, tangu nikiwa mwanafunzi wa chuo. Habari za Sayyid Baghali nikiulizwa nitazieleza. Lakini huyo Mackinnon aliyepewa mji mzima sikuwahi kujiuliza ni nani. Ilibidi nifike kwenye chai, mbali na bahari, ndipo swali linijie, tena kwa sababu ya meli.

Jirani wa dada yangu ni mzee wa Kikipsigis, fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha chai. Aliposikia kuna mgeni kutoka Mombasa aliniita kwake ninywe chai, na kabla sijakaa vizuri akaniletea manowari. Ni kielelezo alichokiunda kwa mikono yake kwa mbao nyembamba za makasha ya zamani ya chai, yale yaliyokuwa yakisafirishwa mpaka Kilindini kabla ya kuja mifuko ya karatasi. Kila futi ya meli ameipa nusu inchi, na chote kina urefu wa yadi moja hivi. Bomba la moshi ni la bati, mzinga wa omoni ni bolti aliyoichonga kwa tupa. Ubavuni ameandika jina kwa rangi nyeupe: William Mackinnon.

Akanieleza kwamba babu yake alikuwa mpakiaji mizigo katika gati la Kisumu wakati wa vita vya Wajerumani, na meli hii alikuwa akiitaja mpaka uzeeni. Mzee alipata picha yake ya zamani, akaanza kupima. Bahari yenyewe hajaiona. Alitaka mimi, mtu wa majini, nimwambie amekosea wapi.

Marehemu ami yangu alikuwa fundi wa majahazi Lamu, basi nilitazama kama nilivyofunzwa: mkuku kwanza, halafu mataruma, halafu omo na tezi. Mzee hakukosea pakubwa. Usukani tu ulikuwa mkubwa mno kwa chombo kile, nikamwambia, akacheka na kukiri kwamba pale alikisia. Kisha nikamuuliza kama anajua mwenye jina hilo. Hakujua. Nami sikujua. Watu wawili wazima, mmoja ameunda meli yake na mwingine amepita mji wake maisha yote. Niliporudi nyumbani nilikaa na vitabu, na haya ndiyo niliyoyakusanya kwa ajili ya mzee yule na kwa ajili yako, msomaji.

William Mackinnon alizaliwa mwaka 1823 Campbeltown, mji mdogo wa bandari magharibi mwa Scotland. Hakuwa mtoto wa kabaila. Alianza kwa kufundishwa kazi ya duka la vyakula kwao, kisha akaenda Glasgow kuajiriwa na wafanyabiashara. Mwaka 1847, akiwa na miaka 24, alivuka bahari mpaka Bengal na kuungana na Robert Mackenzie, aliyekuwa amesoma naye utotoni. Walifungua nyumba ya biashara na kusafirisha bidhaa katika Ghuba ya Bengal. Mwenzake alikufa maji mwaka 1853. Yeye akaendelea.

Mwaka 1856 alianzisha kampuni ya meli za moshi kati ya Calcutta na Burma. Mwaka 1862 ikapewa jina ambalo wazee wetu walilijua sana, British India, yaani BI. Msingi wake ulikuwa mkataba wa barua. Serikali ilimlipa kubeba barua kwa ratiba, na kwa malipo hayo meli ikawa na uhakika wa safari hata ikikosa mizigo. Askari walipohitajika mahali, walipanda meli zake. Kwa njia hii kampuni ikatambaa kutoka bandari hadi bandari mpaka Ghuba ya Uajemi. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, njia ya kuja kwetu ikawa fupi, na mwaka 1872 meli za BI zikaanza kuleta barua Unguja kutoka Aden.

Mwaka huohuo wa 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Mikarafuu iling'oka na meli za Sayyid Barghash bin Said zikaharibika bandarini. Sultani aliyekuwa amerithi dola ya bahari akabaki karibu bila meli. Mwaka uliofuata Waingereza walimtia shinikizo mpaka akatia saini kufunga soko la watumwa. Ndiyo hali aliyokuwa nayo Barghash alipojuana na Mackinnon: ana bandari, ana bendera na ana heshima, lakini vyombo vya kuifikisha amri yake mbali ni vya watu wengine.

Barghash alijaribu kuliziba pengo hilo. Alipendezwa na manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow iliyofika Unguja, akaundiwa meli ya kufanana nayo, ndogo kuliko ile ya asili, nayo ikaitwa Glasgow vilevile. Iliundwa mwaka 1878 na Denny wa Dumbarton, Scotland. Peter Denny alikuwa rafiki na mshirika wa Mackinnon, na kiwanda chake ndicho kilichounda nyingi za meli za BI. Miaka michache baadaye, mwaka 1883, kiwanda hichohicho kilijenga hodhi refu la maji la kupimia vielelezo vya meli. Kielelezo cha nta kilikokotwa majini kwanza, wakaona kinavyokata maji, ndipo meli yenyewe ikaundwa. Hodhi hilo lipo mpaka leo na ni makumbusho. Mzee wangu wa Kericho angelifurahia sana.

Lakini Glasgow ya Sultani haikumfaa kitu. Ilikaa bandarini miaka mingi bila kazi ya maana, na tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia, manowari za Waingereza zikaizamisha mbele ya kasri. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini miaka mingi, kila aingiaye bandarini akiiona.

Turudi kwa Mackinnon. Mwaka 1877 alianza mazungumzo na Barghash akitaka kukodishwa milki yote ya Sultani ya bara, kwa miaka 70, pamoja na ushuru wake. Mwaka 1878 mazungumzo yalivunjika. Akangoja. Katika miaka hiyo akawa rafiki wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, yule wa Kongo. Mwaka 1886 akaongoza kamati iliyochangisha fedha za kumpeleka Stanley kumwokoa Emin Pasha kule Equatoria. Stanley alikuja Unguja akaajiri wapagazi kama 600, akawapandisha pamoja na Tippu Tip katika meli ya BI iitwayo Madura, wakazunguka Afrika kusini mpaka mdomo wa mto Kongo. Waliorudi makwao ni wachache. Vitabu vya safari ile vinamtaja sana Stanley. Mama zetu na bibi zetu waliobaki Unguja wakingoja hawatajwi.

Mwezi wa Mei mwaka 1887, Wajerumani wakiwa tayari wameshamega upande wao, Barghash alikubali. Kampuni ya Mackinnon ilipewa kuutawala mwambao kutoka mto Umba mpaka Kipini kwa miaka 50: ushuru, ardhi isiyo na mwenyewe, mahakama, yote kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake nyekundu. Barghash alifariki Machi 1888. Septemba mwaka huo Malkia Victoria aliipa kampuni hati ya kifalme, na ikaitwa Imperial British East Africa Company. Mwaka wa Hijria 1306 kampuni ilitoa pesa zake za shaba za Mombasa, na upande mmoja ina picha ya mizani.

Nataka tumtendee haki, maana mizani ni mizani. Mackinnon alikuwa mtu wa dini, mshika kanisa kikwelikweli. Alitoa mali yake kwa misheni ya Scotland iliyoanza Kibwezi mwaka 1891. Kampuni ilipofika Mombasa ilikuta mamia ya watoro, waliokimbia utumwa, wamejificha kwenye misheni ya Rabai, na wenyewe wakiwadai. Wakala wake mkuu, George Mackenzie, aliwalipa wenyewe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Kwa kizazi cha watu wale jambo hilo si dogo, na mimi silipunguzi.

Vilevile biashara ile haikumtajirisha. Kampuni ilianza na mtaji mdogo kwa nchi kubwa. Serikali yake ilimsukuma aishike Uganda bila kumpa fedha za kuishika. Alikata barabara ya mikokoteni kutoka pwani kuelekea Kibwezi, ile iliyoitwa barabara ya Mackinnon, na ndiko lilikotoka jina la mji tunaposwali. Aliagiza pia meli ndogo ya Ziwa Victoria, iliyotengenezwa Scotland mwaka 1890 kwa vipande vya kufungwa na kubebwa. Mwaka 1893 kampuni ilijitoa Uganda ikiwa imechoka, na tarehe 22 Juni mwaka huo Mackinnon akafa London, akiwa na miaka 70. Hakuacha mtoto. Alizikwa kwao, Clachan.

Mtu akifa, hesabu yake hubaki kwa walio hai. Hapa naomba unisikilize vizuri, msomaji.

Julai 1895 serikali ya Uingereza iliichukua nchi kutoka kwa kampuni, na wenye hisa wakalipwa pauni 250,000. Pauni 200,000 kati ya hizo zilikuwa fedha za Zanzibar. Ni zile ambazo Wajerumani walimlipa Sultani mwaka 1890 kwa pwani ya Tanganyika, marki milioni nne, zikawa zimewekwa akiba Uingereza. Kwa maneno mengine, Sultani aliuza mkono mmoja, na bei ya mkono huo ikatumika kumlipa aliyekuwa amekodi mkono wa pili. Desemba 1895 ukaandikwa mkataba wa ukanda wa maili kumi: Uingereza itamlipa Sultani pauni 17,000 kwa mwaka, 11,000 zikiwa kodi ya pwani na 6,000 zikiwa riba ya fedha zake mwenyewe. Wenyeji wa Vanga, Gazi, Takaungu, Malindi na Lamu hawakuulizwa. Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui alishika silaha mwaka huohuo, na alipozidiwa mwaka 1896 akavuka mpaka kwa Wajerumani.

Mkataba ule ndio uliotufikisha kwenye makubaliano ya Oktoba 1963, pwani ilipokabidhiwa Kenya. Nusu ya kesi za ardhi tunazozijadili kila Ijumaa barazani, ya babu aliyelima shamba na mjukuu anayeitwa mvamizi, ukizifuata nyuma hati kwa hati utafika kwenye karatasi za miaka hiyo. Na mtu aliyezianzisha alizimalizia Scotland na London. Biashara ya kwetu aliiendesha kwa barua na mawakala.

Meli ndogo nayo haikufa na mwenyewe. Vipande vyake vilipandishwa bara kwa wapagazi na mikokoteni wakati reli bado ikijengwa. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 65, na chuma cha meli hakina huruma ya bega. Mwaka 1900 ikashushwa majini ziwani, ikapewa jina la marehemu. Mwaka uliofuata reli nayo ikafika Kisumu, ikipita Londiani, Lumbwa ambayo leo ni Kipkelion, na Fort Ternan, zote katika Kericho ya leo. Vita vya 1914 vilipofika, chombo kile cha mizigo kikaingizwa katika meli za kivita za ziwa pamoja na wenzake kina Winifred na Nyanza. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, siku chache kwa miguu kutoka kwao mzee wangu, na Juni 1915 jeshi likapakiwa Kisumu kwenda kuivamia Bukoba. Ndiyo siku ambazo babu yake alikuwa gatini.

Baada ya vita zamu ya mlima ikafika. Mwaka 1919 ekari 25,000 za Kericho zilitengwa kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mradi ukafa, lakini ardhi haikurudi kwa Wakipsigis. Katika miaka ya 1920 zikaja kampuni za chai, Brooke Bond, kisha James Finlay, nyumba ya biashara ya Glasgow, mji uleule alikojifunzia kazi Mackinnon. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wazee, wanawake na watoto, wakapelekwa Gwassi kwenye joto na mbung'o, na huko wakakaa karibu miaka 30. Mwaka 2022 watu wa Talai na Wakipsigis walipeleka malalamiko yao Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Nikiwa Kericho, na hata nilipofika upande wa Bomet kwenye mashamba madogo ya Konoin, mazungumzo ya ardhi hayakuwa tofauti na ya kwetu Kwale na Kilifi. Majina tu ndiyo mengine.

Hili ndilo lililonifanya niandike. Tumezoea kuwaona watu wa bara kama walionufaika na sisi tulioonewa. Nao wamezoea kutuona tumekaa kivulini tukila upepo. Kumbe majani yao yanakuja kunadiwa Mombasa kila wiki tangu mnada ulipohamishiwa kwetu mwaka 1969, na mkulima wa Konoin anangoja bei ya Mombasa kama mvuvi wa Vanga anavyongoja bamvua. Na karatasi zilizotutoa sisi na wao kwenye ardhi zilitoka kwenye madawati ya mji mmoja. Mackinnon hakuwa jini. Alikuwa mfanyabiashara hodari, mcha Mungu kwa imani yake, aliyeandika mikataba na watu ambao hawakuwa na meli. Barghash naye hakuwa mjinga. Alitia saini akiwa amebanwa pande zote. Wanaotia saini kwa niaba yetu leo hawana kisingizio hicho, na sisi tusiosoma kinachotiwa saini hatuna kabisa.

Mombasa tulikuwa na sanamu la Mackinnon pale Treasury Square. Baada ya uhuru liliondolewa likapelekwa kwao Scotland, na sidhani kuna aliyelilia. Lakini kuondoa sanamu bila kujifunza hesabu zake ni sawa na kufuta jina dukani na kuliacha deni.

Nilimpigia mzee simu nikamsomea haya, naye akanyamaza kwa muda. Kisha akaniambia kwamba jina ubavuni hatalifuta, ila upande wa pili ataandika la babu yake. Akaniuliza pia sisi tunaziba vipi nyufa za chombo maji yasiingie. Nikamweleza kalafati, pamba na mafuta, kama ami alivyonionyesha. Nimempelekea pamba kidogo na patasi ndogo ya kazi hiyo kwa basi la usiku, pamoja na halua ya wajukuu.

Safari ya kurudi nilishuka tena Mackinnon Road, ilikuwa alasiri. Kijana wa kando yangu, wa kwetu Likoni, aliniuliza wakati tunavaa viatu kama Mackinnon lilikuwa jina la yule Sayyid. Nikamwambia hapana, akae karibu nami garini, nitamweleza mpaka Mariakani.